Wito wa Harambee: Mbegu na Silanga kabla ya Masika

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Ndugu zetu waumini, pamoja na majirani wote wa Mombasa,

Kaskazi inavuma, na Januari na Februari ndiyo miezi mikavu kuliko yote hapa Pwani. Sisi wa mjini tunalalamikia joto tu. Huko Ganze katika Kilifi na Kinango katika Kwale, ambako mvua hupungua kadiri mtu anavyoiacha bahari nyuma, silanga, yaani mabwawa ya kukusanyia maji ya mvua, zinakauka na mifugo inaswagwa mbali kutafuta maji. Wakulima wa huko hawajasahau misimu mitano iliyofuatana, tangu vuli ya 2020 hadi vuli ya 2022, ambayo mvua ilikuwa haba mno.

Mkulima aliyelazimika kula hata mbegu alizozihifadhi darini juu ya moshi wa jiko hungoja kukopa, na anayengoja hupanda amechelewa. Mahindi yaliyopandwa kwa mvua za kwanza za masika hutoa ndevu udongo ungali na unyevu. Yaliyochelewa wiki chache hukutwa na jua wakati huohuo wa kutoa ndevu, na mabua husimama bila punje. Ndiyo maana mchango wa mwezi wa Mei, hata uwe mkubwa, hauwezi kufanya kazi ya mchango wa leo.

Ekari moja ya mahindi huhitaji takriban kilo 10 za mbegu, yaani pakiti tano za kilo mbili, kwa hiyo hata anayetoa bei ya pakiti moja anajua amepanda sehemu gani ya shamba. Tutaongeza kunde na pojo, ambazo hukomaa mapema na kuvumilia ukavu. Silanga nazo zimejaa tope, na sharti zichimbuliwe sasa zikiwa kavu, kwani zikishaingia maji, jembe na sururu havifai kitu. Vijana wa vijiji hivyo watachimba wenyewe; wanachotuomba ni vifaa na chakula cha mchana.

Wengi wetu tunaoishi Likoni, Kisauni na Changamwe tuna wazee wetu huko, na hatuwezi kusema kwamba jambo hili ni la wengine.

Sadaka itapokelewa msikitini baada ya swala ya Ijumaa, na kila mtoaji atapewa risiti. Asiye na fedha alete sururu, karai au kunde za mbegu. Mbegu za mahindi zitanunuliwa kwa wauzaji wenye leseni pekee, kwa kuchelea mbegu bandia, na hesabu yote itasomwa mbele ya waumini kabla ya gari kuondoka.