Somo la Ijumaa: Fedha ndani ya kalibu (chungu cha kuyeyushia madini)

Shalom wapendwa. Ijumaa saa 2 usiku tutasoma Malaki 3:1-4 pamoja na Yeremia 6:27-30. Tafadhali zisomeni mapema, tena mkizilinganisha.

Mafundi wa zamani waliipata fedha kwenye mawe yenye risasi (ile metali laini na nzito). Waliyayeyusha, kisha wakapuliza hewa kwa mivukuto, risasi ikaungua na kuondoka na uchafu, fedha ikabaki. Ndiyo maana Yeremia anataja mivukuto na risasi kwa pamoja; alijua kazi ile. Na kwake mambo yanaharibika: risasi imekwisha motoni, uchafu bado umo, watu wanaitwa takataka za fedha. Mstari huu huniumiza kila nikiusoma.

Malaki naye anasema Bwana *ataketi*, kama asafishaye fedha. Neno hilo tukae nalo. Fundi aketiye hajautupa mzigo motoni akaenda zake. Na wanaosafishwa kwanza ni wana wa Lawi, watumishi wa hekalu wenyewe, ili sadaka zao zipate kukubalika.

Ile hadithi inayosambazwa sana, ya fundi kungoja mpaka auone uso wake kwenye fedha, haimo katika Malaki. Naomba tusiifundishe kama Maandiko.

Kuna wenzetu wanaopita kwenye magumu sasa hivi. Tusiharakishe kuwaambia kwamba wanasafishwa. Maneno ya Isaya 48:10, "nimekusafisha", Mungu aliyasema mwenyewe, kwa taifa lake. Sisi tuwapigie simu kwanza.

Atakayeongoza maombi ya kufungua aniandikie kabla ya Alhamisi.