Mizizi ya mashaka ya Waingereza kuhusu Ulaya

Ndugu Mhariri,

Makala mliyoichapisha kuhusu Uingereza na Umoja wa Ulaya inadai kuwa mashaka ya Waingereza ni hulka tu: watu wa kisiwani wanaoililia dola yao iliyokwisha. Dai hilo halilingani na matokeo ya kura. Katika kura ya maoni ya mwaka 1975 asilimia 67 ya wapiga kura walikubali kubaki katika Jumuiya ya Ulaya, kama umoja huo ulivyoitwa wakati huo, na England iliunga mkono kwa kiwango kikubwa kuliko Scotland na Ireland ya Kaskazini. Mwaka 2016 asilimia 52 walitaka kujitoa, na safari hii ni England iliyoongoza kukataa, ilhali Scotland na Ireland ya Kaskazini zilitaka kubaki. Hulka haibadiliki hivyo katika miaka 41.

Kwa maoni yangu, mzizi wenyewe ni Bunge. Mataifa sita yaliyoanzisha umoja huo yalikuwa yameshindwa katika Vita vya Pili vya Dunia au kukaliwa na majeshi ya kigeni, kwa hiyo yalikuwa na sababu ya kutoamini tena dola zao peke yake. Bunge la Uingereza, la Westminster, liliendelea kukutana wakati wote wa vita hivyo. Waziri wa mambo ya nje wa Ufaransa, Robert Schuman, alipopendekeza mwaka 1950 makaa ya mawe na chuma viwe chini ya mamlaka ya pamoja, serikali ya Uingereza chini ya Clement Attlee, iliyokwisha kutaifisha makaa ya mawe na kupitisha sheria ya kutaifisha chuma, ilikataa kujiunga. Hao walikuwa chama cha Labour, cha mrengo wa kushoto, si wahafidhina, jambo ambalo mwandishi wenu amelipita kimya.

Baadaye wananchi waliuziwa soko zaidi kuliko siasa. Kijitabu cha serikali kilichosambazwa nyumba kwa nyumba mwaka 1975 kiliahidi kwamba hakuna sera mpya ya maana itakayoamuliwa bila ridhaa ya waziri wa Uingereza. Mwaka 1986 Waziri Mkuu Margaret Thatcher mwenyewe, kwa ajili ya soko huria alilolitamani, alikubali mkataba uliopanua maamuzi ya wingi wa kura, ambapo nchi moja ingeweza kuzidiwa na nyingine. Kisha ikaja kesi ya meli za uvuvi zilizosajiliwa Uingereza lakini zikimilikiwa na Wahispania: Bunge lilitunga sheria mwaka 1988 kuzizuia, na mwaka 1990 majaji wa London, wakifuata uamuzi wa Mahakama ya Ulaya iliyoko Luxembourg, wakaisimamisha. Kisheria hapakuwa na la ajabu, kwa kuwa sheria ya mwaka 1972 ya kujiunga na Jumuiya ilikuwa imefungua mlango huo. Lakini mvuvi aliyelelewa akiamini kuwa hakuna aliye juu ya Bunge hakuwahi kuelezwa waziwazi kuwa mlango huo umefunguliwa.

Mwaka 1992 Wadenishi, Waairishi na Wafaransa waliulizwa kwa kura ya maoni kuhusu Mkataba wa Maastricht, ulioanzisha Umoja wa Ulaya. Waingereza walisubiri miaka 24, na walipofikiwa swali halikuwa tena ni umoja wa namna gani, bali kubaki au kuondoka.

Msomaji wenu,
Morogoro