Mwanangu, hizo umezipata au umeahidiwa?

Mwanangu mpenzi,

Marahaba. Ujumbe wako nimeusoma: Jumamosi ijayo, huko New York, mtaandika kutwa nzima na watu watawachangia hela za kuisaidia NY Writers Coalition, wale wanaoendesha warsha za uandishi za bure kwa watu ambao hakuna anayewasikiliza. Nimefurahi, na mtaa mzima umeshapata habari. Ila uliposema "nimeshapata dola 600", nikaweka simu chini. Umezipata, au umeahidiwa?

Mambo haya ni yale yale ya kadi za harusi. Mtu akishaandika ahadi huona ameshachanga. Shughuli ikipita, simu haipokelewi. Usingoje uandike kwanza ndipo udai. Watumie kiungo cha kulipia leo hii, mmoja mmoja kwa jina lake; ukitupia kwenye kundi kila mmoja atamngoja mwenzake aanze. Chora safu nne daftarini: jina, alichoahidi, alicholipa, tarehe. Nikikupigia utanisomea safu ya tatu, hizo nyingine kaa nazo.

Halafu hao walioahidi senti moja kwa kila neno utakaloandika, nani alikushauri? Anayetunga kwa mkono huenda kama maneno 12 kwa dakika. Vipindi vyenu 6 vya siku hiyo, vya dakika 40, ni dakika 240, sawa na maneno 2,880. Hiyo ni dola 28 na senti 80 kwa kila mchangiaji, nawe umewatangazia maneno 10,000! Omba kiasi kinachojulikana, dola 25 au 30, yaishe.

Walio kwenye kampuni kubwa waulize kama mwajiri huongezea mchango wa mfanyakazi. Wapo wengi huko wanaoongeza dola kwa dola, lakini fomu hujazwa na mfanyakazi mwenyewe, na kinachoongezewa ni hela iliyokwisha kulipwa. Unaona tunarudi palepale? Na anayetoa dola 250 au zaidi kwa mkupuo akumbuke kupata barua ya shirika inayothibitisha, la sivyo watu wa kodi hawatamhesabia mchango huo kwenye kodi yake.

Kuandika kwenyewe hakunitii hofu. Beba kalamu tatu za wino unaoteleza. Zile za kukandamiza ndizo zinazokufisha ganzi kidole gumba kabla ya saa sita. Usirudi nyuma kusahihisha, maana ukianza kuipamba aya ya kwanza, jioni itakukuta kwenye aya hiyo hiyo. Ukikwama, nakili sentensi yako ya mwisho tena na tena mpaka uichoke. Ukiichoka itakuja nyingine. Mchana usijishindilie wali ukaja kusinzia mbele za watu. Ndizi mbili na karanga zinatosha. Kiwiko kikianza kuvuta, simama, nyoosha mkono, usijifanye shujaa.

Umenieleza pia kwamba kazi iliyoandikwa papo hapo ikisomwa haikosolewi: wasikilizaji hutaja kilichowakaa tu, na huizungumzia kama hadithi ya kubuni hata kama kila mtu anahisi ni maisha ya mwandishi. Ni utaratibu wa Pat Schneider, yule mwalimu wa uandishi wa Amherst, Massachusetts, na una maana yake. Mtu aliyetoka kuandika dakika kumi bado yuko wazi kama kidonda. Ukimgusa hapo, kesho haji. Kalamu yangu nyekundu haikuwa na habari hizo insha zako zilipokuwa zikipita juu ya meza hii. Nyingine zilikuwa nzuri sana. Haya.

Jikoni bati linavuja tena, pale pale juu ya mafiga. Fundi anataka bati tatu na misumari, na nadhani ananizidishia moja. Usitume kitu sasa. Hela za mchango na hela za bati zisilale kwenye akaunti moja hata usiku mmoja. Zikishachanganyika, hata ukiwa mkweli utaonekana mwizi. Shangazi yako anakusalimu, kakuwekea doti ya khanga, tunatafuta msafiri.

Daftari hilo ulichore usiku huu. Ukimaliza nipigie, hata kama huku ni alfajiri.

Na baba yako kakuahidi dola 20 mbele yangu, kwa sauti kubwa. Mwandike wa kwanza. Mpaka sasa hajatoa hata senti.

Mama yako