Dirisha la hosteli libadilishwe, na grili ifunguke

Mhariri,

Naomba nafasi niseme jambo kuhusu hosteli za wanafunzi wa vyuo, hizi za watu binafsi zinazoota kila mtaa ulio karibu na chuo hapa Dar es Salaam. Mimi ni fundi, nachomelea grili na kufunga madirisha ya aluminiam. Vyuo vikifunga ndipo sisi tunapovuna, maana wenye nyumba wanataka vyumba vipendeze kabla wanafunzi hawajarudi.

Kazi yenyewe karibu kila mahali ni ileile: ng'oa luva, yale madirisha ya vipande vya vioo vinavyolala kimoja juu ya kingine, weka aluminiam. Sina ugomvi na hilo. Luva nyingi ninazozikuta zimechoka. Vishikio vimelegea, vioo viwili vitatu havipo na mahali pake pamezibwa kwa boksi, na fremu ya mbao ukiigonga nyundo inamwaga unga wa mchwa. Mwizi naye anazipenda: anakunja kishikio, anachomoa kioo kimoja kimoja bila kelele. Ila mwenye nyumba ajue anachopoteza. Luva ikifunguliwa, karibu dirisha lote linaingiza hewa. Aluminiam ya kusukuma, kioo kimoja kinakwenda kukaa nyuma ya chenzake, kwa hiyo dirisha la futi nne linakupa uwazi wa futi mbili kasoro. Chumba cha watu wanne, vitanda viwili vya dabodeka, joto la Februari. Waulizeni wanaolala humo.

Na mafundi wenzangu, toboeni matundu ya kutolea maji kwenye reli ya chini. Nimeshaitwa kurekebisha madirisha mapya kabisa ambayo mvua ya kwanza tu ilijaa relini ikamwagikia godoro la mtu.

Lakini kilichonifanya nishike kalamu ni grili.

Juzi nilipewa kazi kwenye hosteli moja ya wasichana, vyumba vya chini. Mzee mwenye nyumba aliniambia dirisha libadilishwe, grili isiguswe, tena niiongezee nondo katikati kwa sababu mpangaji mmoja aliibiwa kompyuta. Nikasimama chumbani nikaangalia. Mlango ni mmoja, unatokea kwenye korido nyembamba. Pembeni mwa mlango kuna meza, juu yake jiko la umeme, na ekstensheni moja imebeba jiko hilo, pasi na chaja za simu za watu wanne. Meza ile ikishika moto, mlangoni hapapitiki. Linabaki dirisha, nalo lina grili iliyochomelewa kwenye vyuma vya ukutani pande zote nne.

Hizi si hofu za fundi anayetafuta kazi ya ziada. Mwaka 1994 kule Shauritanga, mkoani Kilimanjaro, wasichana zaidi ya 40 waliteketea bwenini. Mwaka 2001 katika shule ya Kyanguli, Machakos nchini Kenya, wavulana 67 walikufa kwa moto. Mlango mmoja ulikuwa umefungwa na madirisha yalikuwa na nondo. Wakenya walipotoa mwongozo wao wa usalama wa shule mwaka 2008 waliandika kabisa kwamba dirisha la bweni lisiwe na grili na lifunguke kirahisi kuelekea nje. Kuandika ni kitu kimoja na kutekeleza ni kingine, hilo nalijua, lakini angalau kwao limeandikwa.

Mimi sisemi tung'oe grili zote. Mtaani kwetu ukiacha chumba cha chini bila grili, asubuhi utakuta kitanda tu. Nasema grili moja katika kila chumba iwe na bawaba, ifunguke kwa nje, na ifungwe kwa komeo upande wa ndani. Iwe komeo, kufuli hapana. Kufuli lina ufunguo, na ufunguo wa chumba cha watu wanne siku ya siku utakuwa Kibaha, kwenye pochi ya aliyekwenda kumsalimia mama yake. Anayeogopa mwizi kupitisha mkono, nachomelea kipande cha bati nene kulikinga komeo, lishikike kwa aliye ndani tu. Wavu wa mbu nao uwe kwenye fremu yake inayosukumika, usipigiliwe misumari.

Gharama yake ni bawaba, komeo, bati na nusu siku ya kazi. Wenye nyumba wananunua vioo vyeusi kwa bei kubwa kuliko hiyo bila hata kuomba punguzo.

Yule mzee tulibishana mpaka chai ikapoa. Mwishowe akasema, "Haya weka, fundi, lakini nikiibiwa nakuja kwako." Nikaweka. Vyumba vya ghorofani hakutaka kusikia, na huko kwa kweli tatizo kubwa ni ngazi moja kwa jengo zima, jambo ambalo mashine yangu ya kuchomelea haiwezi kulitibu.

Ombi langu kwa Jeshi la Zimamoto na Uokoaji: mnapokagua hosteli, msiishie kwenye mtungi wa kuzimia moto ulioning'inia koridoni. Ingieni chumbani, mwambieni mwanafunzi afungue grili mbele yenu. Akianza kuulizia ufunguo uko kwa nani, hosteli hiyo isipokee wapangaji mpaka irekebishwe.

Fundi wa madirisha,
Mbagala, Dar es Salaam