Tusisubiri kupe anenepe

Mhariri,

Ushauri tunaopewa wafugaji wa hapa Pwani mara nyingi humtaja kupe kama mnyonya damu tu, na mwenye ng'ombe huambiwa apulize dawa anapoona kupe wamezidi. Naupinga ushauri huo, kwa kuwa madhara makubwa ya kupe hutokana na mate anayoyaingiza mwilini, na mate hayo huanza kazi siku kadhaa kabla kupe mwenyewe hajavimba akaonekana.

Chukua mfano wa kupe wa masikio, yule wa rangi ya kahawia anayeeneza ndigana kali, ugonjwa hatari wa ng'ombe. Mwili wa ng'ombe ulipaswa kumfukuza mapema, kwa damu kuganda mahali alipouma na kwa muwasho wa kumfanya mnyama ajikune. Lakini katika mate yake mna protini zinazoganda na kumshikiza ngozini, nyingine zinazozuia damu isigande, na nyingine zinazoinasa histamini, kemikali ya mwili iletayo muwasho na uvimbe. Mwaka 1999 wanasayansi walieleza protini tatu za aina hii ya mwisho kutoka kwa kupe huyu huyu wa Afrika, mbili za jike na moja ya dume. Ndiyo maana ukiinua sikio la ng'ombe wa gredi na kumulika ndani kwa tochi, unaweza kukuta kupe wadogo kama punje za ufuta wamejipanga kwenye mikunjo, naye anaendelea kucheua bila hata kutikisa kichwa.

Utulivu huo ndio unaotuponza. Vijidudu vya ndigana kali hukomaa ndani ya tezi za mate baada ya kupe kuanza kula, na kwa kawaida huchukua siku 3 hadi 4 kabla ya kuweza kuambukiza. Kisha kupe, ambaye huyarudisha maji ya ziada ya damu mwilini mwa mnyama kwa njia ya mate, huvipitisha humo humo. Basi anayempaka kupe mafuta ya taa na kungoja aachie mwenyewe (desturi hii bado ipo Kisauni na Likoni) anamwongezea muda wa kutema. Afadhali ashikwe kwa kibano karibu kabisa na ngozi, avutwe moja kwa moja.

Wanaofugia bandani nao wasijione salama, maana kupe huweza kuletwa na nyasi zinazokatwa nje.

Naomba maafisa wa mifugo wa kaunti wapange ratiba ya kupuliza dawa kwa kuhesabu siku hizo za kukomaa, bila kungoja wingi wa kupe, na wamwelekeze mfugaji aanzie ndani ya masikio, ambako dawa ya bomba haifiki kwa urahisi.

Mfugaji,
Kisauni, Mombasa