Mstari mmoja haumtoshi Bruce Sloss

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa wasomaji. Wiki iliyopita mlieleza mechi ya Essendon na Collingwood inayochezwa Melbourne kila Aprili 25, Siku ya Anzac, ya kuwakumbuka askari wa Australia na New Zealand, mkawataja wachezaji wa kandanda la Australia waliouawa katika Vita Kuu ya Kwanza. Bruce Sloss mkampa mstari mmoja: aliuawa na kombora huko Armentières, Ufaransa, Januari 4, 1917. Ni kweli. Lakini alipigaje mpira? Hapo mmetunyima.

Sloss alianzia Essendon, akaenda South Melbourne mwaka 1910. Mwaka 1914, vita havijatimiza miezi miwili, alicheza fainali dhidi ya Carlton. Mchezo ule una milingoti minne kila upande. Mpira ukipita kati ya miwili ya katikati ni goli, pointi 6. Ukipita pembeni ni pointi 1 tu. Carlton walipata magoli 6 na pointi 9 za pembeni, jumla 45. South Melbourne magoli 4 na pointi 15 za pembeni, jumla 39. Yaani walifunga mara 19 kwa 15 za wenzao, wakalikosa kombe kwa goli moja! Nimefundisha michezo shuleni maisha yangu yote ya kazi, na nawajua vijana waliopoteza fainali namna hiyo. Usiku hawali.

Miaka miwili baadaye, Oktoba 28, 1916, Luteni Sloss alikuwa nahodha wa timu, safari hii London, katika uwanja wa Queen's Club. Divisheni yake ya Tatu ya jeshi la Australia walivaa jezi za buluu zenye ramani nyeupe ya Australia. Wapinzani wao kutoka vikosi vya mafunzo vya jeshi hilohilo, nyekundu yenye kangaruu mweupe. Mwanamfalme wa Wales alikuwapo akitazama. Timu ya Sloss ilishinda 52 kwa 36.

Tangu siku hiyo hadi kifo chake ni siku 68. Alikuwa na miaka 27. Jack Cooper wa Fitzroy, Les Lee wa Richmond na Stan Martin wa University, waliocheza London siku ile, nao waliuawa mwaka huohuo wa 1917. Mwenzao Dan Minogue alirudi salama, akaiongoza Richmond kutwaa ubingwa mwaka 1920 na 1921.

Mechi ile ya London ilipigwa filamu, na vipande vyake vipo hadi leo, bila sauti. Niliitazama kwenye simu na mjukuu wangu. Akauliza, "Babu, Sloss ni yupi?" Nikairudisha mara tatu, watu wakiurukia mpira na kuanguka, nisiweze kumwonyesha.

Kama mnayo picha yake akiwa na jezi, naomba muichape, na jina lake chini.

Msomaji wenu,
Mwalimu mstaafu, Tanga