Kabula, usinunue tena wale ndege

Mwanangu Kabula,

Marahaba. Hapa Nzega hatujambo, ila usingizi wangu umeharibiwa na ile picha ya tundu uliyonitumia. Umenunua kasuku wadogo kumi na wawili, ukawaachia ufukweni, na mshahara ukitoka unataka kununua wengine. Moyo huo nimeupenda, na mama yako kawaonyesha majirani ile picha. Lakini nakuuliza: kesho yake ulipita pale kwa muuzaji? Tundu lilikuwa tupu?

Halikuwa tupu, mwanangu. Bati la kwanza la nyumba hii lilitoka kwenye ulimbo, ile gundi ya kunasia ndege. Mwaka 1987 kasuku wetu huyu wa uso mwekundu ndiye aliyeongoza duniani kwa kukamatwa porini na kuuzwa, na mimi nilikuwa kijana mwenye shida ya pesa. Tulipaka ulimbo kwenye vijiti pembeni mwa dimbwi wanakokunywa. Akinasa unambandua taratibu, na bado manyoya ya tumbo yanabaki kijitini. Mabawa tuliyapunguza kwa wembe. Asubuhi wengine walikuwa wamekauka chini ya boksi, tukawatupa kabla tajiri hajafika, maana alilipia wazima tu. Akichukua ishirini, safari nyingine anataka arobaini. Hatukuuliza hata siku moja kama wanakwenda kufugwa au kuachiwa. Pesa ni ile ile. Basi hao kumi na wawili wako, waliokufa njiani ni wangapi? Na nani kalipia wanaokamatwa wiki hii?

Halafu umewaachia wapi? Hao kwao ni huku, Shinyanga mpaka Serengeti. Ndege aliyekatwa bawa haruki mpaka manyoya yaote upya, na Dar mmejaa kunguru wa India. Hao nao waliletwa Unguja miaka ya 1890 kwa nia njema, ili wale taka. Leo wanakula mayai na makinda ya ndege wengine. Kule Naivasha, Kenya, kasuku hawa waliotoroka na kuachiwa wamezaliana na wenzao wa shingo ya njano mpaka hujui yupi ni yupi.

Ungeniuliza kwanza. Simu unayo. Lakini na mimi sikuwahi kukusimulia, ulipokuwa mdogo ukilia kwa ajili ya njiwa wa jirani.

Ukimwona tena yule muuzaji, usimpe hata mia. Wapigie watu wa maliasili, waeleze yuko wapi. Serikali ilipiga marufuku kusafirisha wanyamapori hai nje ya nchi mwaka 2016, lakini soko la barabarani linalishwa na mnunuzi mwenye huruma sawasawa na mwenye tamaa. Usinunue, Kabula. Hata mmoja.

Karanga tumezituma kwa basi la Jumanne, zianike kabla hazijaota ukungu. Mbuzi mweusi kazaa mapacha. Paa la jikoni linavuja. Usitume pesa, nitaliziba tukishauza mpunga. Goti la mama yako lina nafuu.

Ukijibu, anza na lile tundu.

Baba yako